Tuandike Kwanza, Ndipo Tufungue: Kutengeneza Difu ya Gari Kuukuu Nyumbani



Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya kikundi cha wahitimu wa kisomo huko Mbagala, Wilaya ya Temeke, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Tumeombwa tuyaandike ili nanyi mlioko vijijini myasome. Tumekubali kwa sababu jambo lenyewe si la mjini tu. Land Rover kuukuu ziko Mbagala, na vijijini ziko pia. Zinabeba mahindi, zinabeba wagonjwa, zinabeba hata maharusi.

Mwezi Oktoba mwaka 2024 mjini Arusha kulifanyika tamasha kubwa la magari ya Land Rover. Magari mapya yalikuwepo, na ya zamani nayo yalikuwepo, yakitembea kwa nguvu zake yenyewe. Basi gari lenye umri wa mzee linaweza kufanya kazi ya kijana, mradi linatunzwa.

Leo tunazungumza juu ya difu ya nyuma. Tutaeleza difu ni nini, inaumwaje, na jinsi tulivyoifungua na kuifunga uani kwa jirani yetu. Tutaeleza pia makosa yetu, tena bila kuficha. Kosa moja nusura lituletee msiba.

GARI LENYEWE

Jirani wa darasa letu ni mzee mmoja mwenye Land Rover fupi ya Series III. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Gari hilo hubeba mihogo na nazi kutoka upande wa Mkuranga kuzileta Mbagala Rangi Tatu. Nyumbani kwa mzee kuna watu tisa, na gari ndilo shamba lao.

Siku moja gari likaanza kulia kwa nyuma. Mwanzo mlio ulikuwa mdogo, kama nyuki ndani ya mzinga. Wiki zikapita, mlio ukakua. Gereji moja ikamwambia mzee anunue difu nyingine nzima. Bei aliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko fedha zote alizokuwa nazo.

Katika darasa letu yupo kijana aliyewahi kufanya kazi chini ya fundi. Wengine wetu tunajua kushika spana, kusoma na kuandika. Tukamwambia mzee, "Baba, tupe nafasi. Tutaifungua hapa hapa uani, tuone ugonjwa uko wapi." Mzee akakubali.

DIFU NI KITU GANI?

Tazameni maksai wawili wanaolima. Wakifika mwisho wa shamba, wanageuka. Yule wa ndani anakanyaga hatua chache. Yule wa nje anatembea hatua nyingi. Kama mngewafunga ili wapige hatua sawasawa, wasingeweza kugeuka. Mmoja angeburutwa.

Magurudumu ya nyuma ya gari ni hivyo hivyo. Kwenye kona gurudumu la nje linakwenda mbali kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoyaruhusu yaachane mwendo, na bado yote mawili yapate nguvu ya injini. Kifaa cha namna hii kilibuniwa na Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, mwaka 1827. Ni karibu miaka 200 sasa.

Difu ina kazi nyingine mbili. Kwanza, inageuza nguvu. Nguvu inakuja kwa urefu wa gari kupitia propela, na difu inaipeleka kulia na kushoto kwenye magurudumu. Pili, inapunguza mbio na kuongeza nguvu. Ndani yake kuna gia ndogo iitwayo pinioni na gia kubwa iitwayo krauni. Katika Land Rover yetu pinioni ina meno 10 na krauni ina meno 47. Tufanye hesabu: 47 gawanya kwa 10 ni 4.7. Maana yake, propela ikizunguka mara 47, magurudumu yanazunguka mara 10 tu.

Ndani ya krauni kuna gia nyingine ndogo nne. Hizo ndizo zinazofanya kazi ya kona. Vyote hivyo vinazunguka juu ya beringi, na vinaoga ndani ya oili nzito.

TUNAJUAJE KWAMBA DIFU INAUMWA?

Dalili zake ni hizi:

Mlio unaozidi kadiri gari linavyoongeza mwendo. Mara nyingi mlio hubadilika ukikanyaga mafuta au ukiyaachia.

Mgongo wa chuma, "ko!", wakati gari linapoondoka.

Oili inayovuja pale propela inapoingia kwenye difu.

Unga wa chuma ndani ya oili, au oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo imeingiwa na maji. Gari likipita kwenye mafuriko, maji huweza kuingia ndani.

Lakini tusikimbilie kufungua. Beringi za magurudumu nazo hulia. Krosi za propela nazo hugonga. Tena juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na matope, hewa ya moto haina pa kutokea, basi inasukuma oili nje kupitia kwenye sili. Mtu anaweza kununua sili mpya mara tatu, kumbe dawa ilikuwa kuzibua kitundu kwa waya. Sisi tulianza na kitundu. Tukaangalia krosi na magurudumu. Hayo yote yalikuwa mazima. Hapo ndipo tukasema ni difu.

MAKOSA YETU YA SIKU YA KWANZA

Siku ya kwanza tulikuja na spana, jeki na maneno mengi. Mama mmoja wa darasa letu alikuja na daftari na kalamu. Mzee akacheka. "Mwanangu, hilo daftari lina kazi gani penye spana?" Sisi nasi tukacheka. Daftari likawekwa juu ya ndoo.

Tukaanza. Land Rover hii ina wema mmoja. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu huvutwa kwa nje baada ya kufungua bolti sita kila upande. Magurudumu yanabaki mahali pake, yamekanyaga chini. Huhitaji kuliinua gari. Tukavuta breki ya mkono, tukaweka jiwe moja mbele ya gurudumu moja, tukaona inatosha.

Kumbe hatukufikiri. Katika Land Rover hizi za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika mhimili unaotoka kwenye gia kwenda kwenye propela ya nyuma. Ukifungua propela, au ukivuta zile shafti, breki ya mkono inabaki inashika hewa. Hata ukiacha gari ndani ya gia, ni kazi bure.

Shafti ya pili ilipotoka, gari likaanza kurudi nyuma, polepole, bila sauti. Kijana wetu alikuwa amelala chini yake. Nyuma, kwenye jiko la nje, alikuwepo mke wa mzee na mjukuu wake, wanachambua mchele. Mama mwenye daftari ndiye aliyeona. Akapiga kelele. Kijana akajiviringisha akatoka. Gari likaenda likagonga gogo la mnazi, likasimama. Kutoka kwenye gogo hadi kwenye ungo wa mchele zilikuwa hatua nne. Tulizipima baadaye.

Hakuna aliyeumia. Lakini hatukucheka tena siku ile.

Kosa la pili lilikuja jioni. Ndani ya difu, beringi kubwa mbili za pembeni zimeshikwa na vyuma viwili vilivyopinda kama nusu duara. Tuviite kofia za beringi. Kiwandani kila kofia huchongwa pamoja na upande wake. Ya kulia ni ya kulia, ya kushoto ni ya kushoto. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Sisi tulizifungua zote mbili tukazitia ndani ya karai moja la mafuta ya taa. Tulipozitoa, hakuna aliyejua ipi ni ya wapi.

Ilitugharimu siku nzima kuzipatanisha. Tulizijaribu moja moja, tukipitisha ukucha kwenye maungio. Kofia ikiwa si mahali pake, ukucha unakwama kwenye kingo. Ikiwa mahali pake, ukucha unapita. Tulifanikiwa, lakini alama mbili za tindo zingetuokolea siku nzima.

Yule mama akachukua daftari juu ya ndoo. Akaandika kwenye ukurasa wa kwanza: "Usifungue usichokiandika." Tangu hapo ndiyo ikawa sheria yetu.

KAZI KWA MPANGO

Sasa tuwaeleze namna inavyopaswa kufanywa. Hii ni kwa difu ya Land Rover fupi, ambayo hutolewa kwa mbele ya ekseli. Zipo Land Rover ndefu ambazo difu yake ina mfuniko kwa nyuma, wala haitoki kwa namna hii. Angalieni aina yenu kwanza.

1. Weka gari mahali tambarare. Weka kabari za mbao au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, yote manne. Udongo wa Mbagala ni mchanga, hivyo ukitumia jeki weka ubao mpana chini yake. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Mwaga oili ndani ya chombo. Itazame na uiguse. Unga laini ni kawaida kwa gari kuukuu. Vipande vya chuma ni hatari. Andika ulichoona.

3. Piga alama kwenye propela na kwenye difu, pale vinapokutana, ili virudi vilivyokuwa. Ndipo ufungue.

4. Vuta shafti za magurudumu. Andika "kulia" na "kushoto". Usizichanganye, maana urefu haulingani.

5. Fungua nati zinazozunguka difu. Difu ni nzito. Washike watu wawili, na chini pawe na jeki au magogo ya kuipokea.

6. Iweke difu juu ya meza au ubao safi. Kabla hujafungua kofia za beringi, piga tindo: nukta moja kwa upande wa kushoto, nukta mbili kwa upande wa kulia. Piga kwenye kofia, piga na kwenye mwili wake. Fanya hivyo hivyo kwa zile nati kubwa zenye meno zinazobana beringi.

7. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi. Moto uwe mbali, sigara iwe mbali. Panga vyuma juu ya gunia safi kwa mpangilio vilivyotoka.

8. Kagua jino kwa jino. Jino lililovunjika au lenye vidonda halifai. Zungusha beringi kwa mkono. Ikikwaruza, au ikiwa imegeuka rangi ya bluu kwa joto, imekwisha.

Sisi tulikuta meno ni mazima. Beringi za pembeni zilikuwa zina vidonda, na sili ya pinioni ilikuwa ngumu kama ganda la nazi. Kwa hiyo mzee hakuhitaji difu nyingine nzima. Alihitaji beringi na sili.

KUSOMA NAMBA

Hapa kisomo kilionekana faida yake. Kila beringi ina namba iliyochongwa ukingoni. Tuliisugua kwa kitambaa, tukaisoma, tukaiandika kwenye daftari. Yule mama na kijana wakapanda daladala hadi Kariakoo na Gerezani, wamebeba beringi kuukuu na ile namba. Duka la kwanza likawapa beringi "inayofanana". Mama akasoma namba, akakuta tarakimu moja ni tofauti. Akairudisha mezani. "Asante kaka, lakini hii si yetu." Wakaipata duka la tatu.

Krauni na pinioni nazo huwa na namba. Hizo mbili ni kama mume na mke. Ziliozeshwa kiwandani, zikasagwa pamoja. Ukinunua, nunua zote mbili zenye namba moja. Usichukue krauni ya gari hili na pinioni ya gari lile. Zitalia, kisha zitatafunana.

PALE TULIPOMWITA FUNDI

Nyuma ya beringi za pinioni kuna visahani vyembamba vya chuma, mafundi huviita shimu. Hivyo ndivyo vinavyoamua pinioni ikae ndani kiasi gani. Kuviweka sawa kunataka vyombo maalumu. Sisi hatuna. Tulivichomeka kwenye waya mmoja kwa mpangilio wake, tukaandika idadi, tukamwita fundi mwenye vyombo kutoka Tandika. Alifanya kazi ile kwa saa chache, tukamlipa jasho lake. Hatukuona aibu. Kujua mahali ujuzi wako unapoishia nako ni ujuzi.

Kilichobaki tulikifanya pamoja naye. Kati ya meno ya krauni na pinioni lazima pawe na uwazi mdogo. Yakibana mno, oili haipiti na meno yanaungua. Yakilegea mno, yanagongana. Kwa difu hii uwazi huo ni milimita 0.20 hadi 0.25. Ni karibu unene wa karatasi tatu za daftari zilizobanwa pamoja. Karatasi ni mfano tu wa kutusaidia kuelewa. Kipimo chenyewe hufanywa kwa chombo chenye uso kama saa na mshale mmoja. Fundi alishika krauni, sisi tulisoma mshale.

Uwazi ukizidi, unalegeza nati yenye meno ya upande mmoja kwa jino moja, kisha unakaza ya upande wa pili kwa jino lile lile moja. Krauni inasogea, na beringi zinabaki zimebanwa kama mwanzo. Tulipima mahali panne kuzunguka krauni, tukaandika kila mara.

Kisha tulipaka rangi nyekundu ya mafuta kwenye meno machache, tukazungusha. Rangi ikifutika katikati ya jino, gia zimekaa vizuri. Ikifutika ukingoni, rudia kazi. Yetu ilifutika katikati. Mzee, ambaye alikuwa ameinama pamoja nasi, akasema, "Kumbe hata chuma kinaandika."

KUFUNGA NA KUJARIBU

Tukafunga kila kitu kwa kufuata daftari, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza. Tukaweka gasketi mpya, tukarudisha pini za kuzuia nati zisilegee. Tukatia oili ya difu, ile yenye namba 90 na herufi EP. Inaingia lita 1.75, au mpaka ifike kwenye tundu la kujazia gari likiwa tambarare. Oili chafu hatukuimwaga. Mbagala watu wana visima, na oili ikizama mchangani huweza kufika kwenye maji. Tuliitia ndani ya galoni tukaipeleka gereji inayokusanya oili chafu.

Safari ya kwanza ilikuwa hadi Kongowe na kurudi, mwendo wa pole. Tukashuka, tukashika difu kwa kiganja. Ilikuwa ya uvuguvugu, haikuunguza. Oili haikuvuja. Mlio haukuisha wote, tuseme kweli. Meno ya zamani yana sauti yake. Lakini ule mlio wa nyuki ulikwisha. Wiki ile ile mihogo ikafika Rangi Tatu.

TULICHOJIFUNZA

Ndugu zangu, wengi wetu tulipoanza kisomo tulidhani kusoma ni kwa ajili ya barua na kura. Ni kweli, lakini si hayo tu. Mikono yetu ilikuwa hodari siku ya kwanza kama siku ya mwisho. Tofauti ilikuwa daftari. Siku bila daftari, gari lilitaka kumponda kijana na kumfikia mtoto. Siku zenye daftari, kila chuma kilirudi kwake.

Kijana wetu bado analo daftari lile. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni. Tumemshauri aende Chang'ombe akaulize, na aende na daftari lake mkononi.

Nanyi huko mliko, liwe gari, mashine ya kusaga au pampu ya maji, fanyeni hivyo hivyo. Zuieni kwanza kisitembee. Andikeni. Ndipo mfungue.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gurudumu la nje hutembea mbali kuliko la ndani kwenye kona?
2. Krauni ina meno 47 na pinioni meno 10. Magurudumu yakizunguka mara 100, propela imezunguka mara ngapi?
3. Kwa nini breki ya mkono haikulizuia gari la mzee?
4. Kijijini kwenu kuna mashine gani ambayo watu huifungua bila kuandika? Nani kati yenu atashika daftari?